Mtoto mwenye baridi yabisi: mkanganyiko unaoanzia darasani

Mada ya mtoto anayeumwa viungo ikiingia tu kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, majibu yanajulikana hata kabla hayajaandikwa. Mmoja atasema baridi yabisi ni ya wazee, mtoto hawezi kuwa nayo. Mwingine atalaumu sakafu ya baridi na kutembea peku. Yupo atakayesema mtoto wa dada yake alichomwa sindano za kila mwezi, akapona. Na hakosi wa kuuliza kama wazazi hawakumbemenda mtoto. Sasa peleka swali hilohilo kwenye chumba cha madaktari tarajali. Ukiondoa hilo la kubemenda, majibu hayatapishana sana na ya wazazi, na hapo ndipo pa kuanzia.

Si kwamba ni wazembe. Mwanafunzi wa udaktari Tanzania husoma miaka 5, kisha hufanya mwaka mmoja wa utarajali akizunguka wodi kubwa za hospitali. Akifika wodi ya watoto, malaria, nimonia, kuhara, utapiamlo na seli mundu vinamchukua kuanzia raundi ya asubuhi hadi usiku. Mtoto anayechechemea anaangukia katikati: wa wodi ya watoto wanaona hayo ni mambo ya mifupa, wa mifupa wanaona mtoto mwenye homa arudi wodi ya watoto. Tatizo hili si la kwetu pekee. Tafiti za Uingereza zilionyesha kuwa hata huko, madaktari wanaohudumia watoto walijiamini kidogo sana kupima viungo ukilinganisha na walivyojiamini kupima moyo, mapafu au tumbo.

Kwanza tuelewane maana

Kiungo ninachokisema hapa ni pale mifupa miwili inapokutana: goti, kiwiko, nyonga, kifundo cha mguu, vidole, taya. Kwa ndani kimezungukwa na utando laini unaotoa ute wa kulainisha. Utando huo ukivimba, ute unazidi, kiungo kinajaa, kinapata joto, kinauma na kinakakamaa. Hiyo ndiyo baridi yabisi katika maana yake nyepesi kabisa.

Baridi yabisi ni moja tu ya magonjwa ya rumatiki, na hayo ni ukoo mzima. Wapo wanaoshambulia viungo, wapo wanaoshambulia misuli na ngozi, wapo wanaoshambulia mishipa ya damu, na wapo kama lupasi ambao hawachagui: leo ngozi, kesho figo. Kinachowaunganisha wengi wao ni kinga ya mwili kukosea mlengwa. Fikiria sungusungu wa mtaa waliotoka usiku kumsaka mwizi, wakamkosa, wakaishia kumpiga mwenye nyumba kwa sababu shati lake linafanana na la mwizi. Nia ni kulinda, lakini anayeumia ni wa ndani.

Kwa hiyo baridi, ile ya hewa na sakafu, si chanzo. Inaweza kumfanya mwenye kiungo kibovu aamke mzito zaidi, basi. Watoto wa Mombasa na Dar es Salaam, ambako blanketi zito ni la mapambo, wanaugua kama wanavyougua wa Makete na Limuru kwenye baridi kali. Nyama nyekundu nayo inasingiziwa. Hiyo ni hadithi ya jongo, ugonjwa wa watu wazima, ambayo watu wameihamishia kwa watoto. Nisichokipenda katika hilo ni kwamba mtoto ambaye tayari amekonda kwa ugonjwa ananyimwa nyama na maharage, halafu tunashangaa damu yake inapungua.

Ugonjwa mkuu katika ukoo huu, ambao hapa nitauita baridi yabisi ya utotoni, una masharti matatu. Uwe umeanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16. Kiungo kiwe kimevimba kwa wiki 6 au zaidi. Na sababu nyingine zote ziwe zimetafutwa zikakosekana. Ulaya inakadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya 1,000 anao. Ndani yake kuna makundi: wenye viungo vichache, yaani vinne au pungufu katika miezi 6 ya kwanza, wenye vitano na kuendelea, wenye homa inayopanda kila siku kwa wiki mbili na zaidi pamoja na vipele vinavyokuja na kutoweka, na wengine wachache. Daktari tarajali hana haja ya kuyakariri yote. Sharti la tatu ndilo linalomtoa jasho, maana linamlazimu ajue magonjwa mengine yanayovaa sura hiyohiyo.

Sindano ya kila mwezi inatoka wapi

Hapa ndipo pana fundo kubwa zaidi kwa nchi zetu, na ndipo ningemtaka mwalimu yeyote atumie muda wake mwingi.

Kuna ugonjwa mwingine kabisa, homa ya rumatiki. Unaanzia kooni. Mtoto, kwa kawaida wa miaka 5 hadi 15, anaumwa koo kwa bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Koo linapona. Wiki mbili au tatu baadaye, kinga iliyokuwa ikimsaka yule bakteria inageukia viungo na moyo. Viungo vinauma kwa kuhama: leo goti la kulia, keshokutwa kifundo cha mguu wa kushoto, na lile goti limeshatulia. Maumivu ni makali lakini dawa ya kutuliza uvimbe huyazima ndani ya siku moja mbili, na kiungo hakiachwi na kilema. Moyo ndio unaobaki na deni. Vali zake, hasa ile ya upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, zinakakamaa au zinaanza kuvuja. Walimu wa udaktari wana msemo wa zamani kwamba homa hii hulamba viungo na kung'ata moyo.

Baridi yabisi ya utotoni haina haraka. Goti lilelile limevimba Januari na bado limevimba Machi. Mtoto anaamka mzito, ikifika saa tano anacheza na wenzake, mama anaonekana mzushi mbele ya daktari aliyemwona mtoto mchana. Vali za moyo kwa kawaida hazihusiki, lakini gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, linaliwa polepole, na kwa mtoto mdogo mfupa ulio karibu na goti lililovimba hukua haraka kuliko wa upande wa pili, mguu mmoja ukawa mrefu.

Sasa mkanganyiko. Mtoto mwenye goti lililovimba anapimwa damu kipimo kiitwacho ASO. Kimepanda. Daktari anaandika homa ya rumatiki, mtoto anaanzishiwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki 3 au 4. Lakini ASO inasema jambo moja tu: mtoto huyu aliwahi kukutana na yule bakteria wa koo. Haisemi goti lake linaumwa nini. Katika darasa lenye watoto 80 wanaokoholeana, wangapi hawajawahi kukutana naye? Matokeo yake mtoto anachomwa sindano inayouma, mwezi baada ya mwezi, kwa ugonjwa asiokuwa nao, wakati ule alio nao unaendelea kula kiungo.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mtoto mwenye homa ya rumatiki ya kweli anapewa dawa ya maumivu, viungo vinatulia, kila mtu anasahau. Miaka inapita. Anarudi akiwa msichana mjamzito anayeshindwa kupumua akilala chali, na vali imeshaharibika. Sindano za kila mwezi zingemkinga asirudiwe na koo lile na moyo wake usiharibike zaidi. Thamani yake ilionekana kaskazini mwa Uganda, katika utafiti uliochapishwa 2021 kwa watoto waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa wa vali, zinazoonekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti tu. Baada ya miaka 2, hali ilizidi kuwa mbaya kwa chini ya 1% ya waliochomwa penisilini, na kwa zaidi ya 8% ya wasiochomwa.

Kwa hiyo sindano ni nzuri mno kwa ugonjwa wake, na haina kazi kwa jirani yake. Daktari mchanga akitoka darasani na hilo tu, ameshaokoa watu.

Atauliza: nitatofautishaje, maana si kila mgonjwa anafuata kitabu? Swali zuri. Vigezo vya Jones vya kutambua homa ya rumatiki viliandikwa 1944, na marekebisho ya 2015 yanakubali kwamba katika maeneo yenye ugonjwa huu kwa wingi, hata kiungo kimoja kisichohama kinaweza kuwa dalili yake. Basi siku ya kwanza huenda usijue. Utakachofanya ni kusikiliza moyo, kupeleka mtoto akapimwe moyo kwa mawimbi ya sauti, na kuhesabu wiki. Kiungo kilichobaki kimevimba baada ya wiki 6 kinakuambia uanze kufikiria upya, hata kama cheti cha zamani kina mhuri wa bingwa.

Dakika mbili za kutumia mikono

Mtoto wa miaka miwili hasemi "goti linauma." Anaacha kutembea, anataka kubebwa. Anakataa kuchuchumaa. Anashuka kitandani kwa makalio. Wa miaka 8 anaandika vibaya na mwalimu anamwita mvivu. Ndiyo maana kumuuliza mtoto "unaumwa wapi?" na kuandika "viungo: sawa" kwenye faili hakutoshi, nami nimesoma mafaili mengi yenye maneno hayo.

Mwaka 2006 Profesa Helen Foster na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walichapisha utaratibu mfupi wa kupima viungo vyote vya mtoto wa umri wa shule, unaojulikana kwa kifupi kama pGALS. Unachukua takriban dakika mbili na hauhitaji kifaa. Una maswali matatu: kuna maumivu au kukakamaa popote? Anavaa nguo mwenyewe bila shida? Anapanda na kushuka ngazi bila shida? Hilo la ngazi, kwa mtoto wa nyumba ya chini kijijini, mimi ningelibadilisha liwe choo cha kuchuchumaa au kuinuka kutoka mkekani. Ni swali lilelile la nyonga na magoti.

Baada ya hapo mtoto anaigiza. Mwanangu, tembea kwa ncha za vidole. Sasa kwa visigino. Nyoosha mikono mbele, geuza, kunja ngumi. Gusisha kidole gumba na kila kidole. Bana viganja pamoja kama unaomba, kisha migongo ya mikono. Gusa mbingu, tazama juu. Mikono nyuma ya shingo. Fungua mdomo, ingiza vidole vyako vitatu. Hilo la mwisho wanafunzi hucheka, lakini taya ni kiungo kinachosahauliwa kuliko vyote, na mtoto mwenye baridi yabisi ya taya huonekana tu baada ya miaka, kidevu kikiwa kimedumaa. Utaratibu huu ulijaribiwa pia Malawi, kwa watoto waliofika hospitali, na ukaonekana kuwa unatekelezeka na watoto na wazazi wanaukubali.

Goti lenyewe linataka mkono uliotulia. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe, ambako kiungo kilichovimba kinaweza kuonekana chekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo, basi tumia joto. Mtoto alale chali, mguu umenyooka, msuli wa paja umelegea. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye paja, kisha gotini, kisha kwenye muundi. Goti lisiloumwa huwa na ubaridi kidogo kuliko paja; likiwa na joto sawa au kulizidi, shuku. Kisha pangusa upande wa ndani wa goti kutoka chini kwenda juu, ukisukuma ute. Hamia upande wa nje, pangusa kutoka juu kwenda chini, macho yako yakiwa kwenye kile kibonde cha upande wa ndani. Kikijaa chenyewe, kuna ute. Linganisha na goti la pili. Mwanafunzi akifanya hivi kwa watoto kumi wazima, wa kumi na moja mwenye ute hatamkosa. Mhadhara wa slaidi 60 hauwezi kumpa hilo.

Wanaovaa sura hiyohiyo

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, mtoto ana homa na hataki hata shuka liguse mguu: hiyo ni usaha kwenye kiungo mpaka ithibitike vinginevyo, na inahesabiwa kwa saa. Mtoto anahitaji sindano ya kuvuta majimaji, dawa za bakteria za mshipa, na mara nyingi chumba cha upasuaji. Usingoje wiki 6 zako hapa.

Mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye vidole vilivyovimba mikono na miguu, Afrika Mashariki, apimwe seli mundu kwanza. Kiungo kilichovimba polepole kwa miezi bila maumivu makali, hasa nyonga au goti, kinaweza kuwa kifua kikuu, ambacho jina lake la Kiswahili huwadanganya wengi wakadhani kinakaa kifuani tu. VVU nayo huleta maumivu ya viungo. Wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi waulizwe habari za brusela, maambukizi ya mifugo ambayo nayo huumiza viungo.

Na saratani ya damu. Mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa yasiyolingana na uvimbe unaouona, amepauka, amekonda: usimpe steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe na kinga, kabla ya kuangalia picha kamili ya damu yake na kushauriana na bingwa. Steroidi humpa nafuu ya uongo na kumficha mgonjwa asitambulike.

Vipi maumivu ya kukua, ambayo bibi zetu huyakanda kwa mafuta? Yapo, na kukanda hakuna ubaya. Huuma miguu yote miwili, jioni au usiku, asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida, na ukimpima huoni kitu. Akichechemea asubuhi, au ukaona mguu mmoja tu ndio unaouma kila siku, hayo si ya kukua.

Kila mzazi atakuwa na hadithi ya kuanguka. Watoto huanguka kila siku. Goti lililovimba mwezi mzima halielezwi na mpira wa Jumapili ile.

Vipimo vya damu vinapewa heshima isiyo yao. Kile kiitwacho rumatoidi fakta, ambacho maabara nyingi hukiita kipimo cha baridi yabisi, hutoka hasi kwa takriban watoto 95 kati ya 100 wenye baridi yabisi ya utotoni. Kwa hiyo "damu yake haina baridi yabisi" ni sentensi isiyo na maana yoyote. Ugonjwa huu unatambuliwa kwa historia na mikono.

Matibabu, na jicho

Dawa wanayopewa watoto wengi wenye baridi yabisi ya utotoni ni methotrexate, ya kutuliza kinga, na wazazi wengi hushtuka wakisoma kwenye mtandao kuwa ni dawa ya kansa. Ni kweli hutumika huko, kwa dozi kubwa zaidi. Kwa viungo dozi ni ndogo, dawa si mpya, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hatari yake kubwa kwetu ni ya maandishi: inamezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na waliomeza kila siku kwa makosa wamedhurika vibaya. Daktari tarajali afundishwe kuandika jina la siku, "kila Jumamosi," na kumwomba mama au baba amrudishie maelezo kabla hawajatoka chumbani. Kwa mwenye goti moja tu, sindano ya steroidi ndani ya kiungo inaweza kutosha kwa miezi mingi. Dawa mpya zaidi za kuzuia kinga zipo, bei yake ndiyo ngumu.

Mazoezi yasiachwe kwa fiziotherapi peke yake. Kiungo kilichofungwa na kupumzishwa kwa wiki nyingi hukakamaa. Mtoto acheze.

Kenya walijaribu njia ya kueneza ujuzi huu nje ya hospitali kubwa. Mradi ulioitwa UWEZO uliwafundisha wakufunzi, nao wakawafundisha mamia ya matabibu, wauguzi na wafiziotherapi nchini kote jinsi ya kutambua magonjwa ya viungo. Naona hiyo ni akili kuliko kungoja mabingwa waongezeke, kwa sababu mtoto huyu hukutana kwanza na tabibu wa zahanati, na barua ya rufaa ikiandikwa "maumivu ya viungo, naomba msaada" haimsaidii anayeipokea. Aandike viungo gani, kwa wiki ngapi, asubuhi hukakamaa muda gani, na nini hawezi tena kufanya.

Mstari mmoja zaidi huachwa karibu kila mara: macho. Baridi yabisi ya utotoni, hasa kwa msichana mdogo mwenye viungo vichache, inaweza kuvimbisha sehemu ya ndani ya jicho bila wekundu, bila maumivu, bila machozi. Mama hawezi kuona, daktari wa watoto hawezi kuona kwa tochi. Inaonekana kwa mashine maalumu ya kliniki ya macho, na ikichelewa mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Walio kwenye hatari kubwa hupimwa kila miezi 3 au 4, na upimaji hausimamishwi kwa sababu goti limepona, maana jicho haliendi sambamba na goti. Tarehe ya kliniki ya macho iandikwe kwenye kadi ya mtoto kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.